Pai ya matufaha yenye kifuniko cha chenga, jikoni kwetu Bwiru

Tufaha lina maji mengi kuliko linavyoonyesha. Ukilishika ni gumu, ukiling'ata linavunjika kwa mlio, wala halidondoshi kitu mkononi kama embe au chungwa. Hata hivyo takribani asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia, na kila mwaka ninawaonyesha wanafunzi wangu jinsi kipande cha kiazi kinavyonywea kikitumbukizwa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo darasani jambo hilo nililijua vizuri. Jikoni sikulijua mpaka nilipooka pai yangu ya kwanza.

Niliioka kwa ajili ya walimu wenzangu, siku tuliyomuaga mmoja wetu aliyekuwa anastaafu. Juu ilipendeza sana, imekuwa ya rangi ya dhahabu na inanukia mdalasini, na watu waliikaribia meza kabla hata hotuba hazijaisha. Nilipoikata, kisu kilipita vizuri kwenye kifuniko, kikapita kwenye matunda, halafu kikafika chini na kunasa kwenye unga mweupe uliolowa, unaonata kama ugali ulioepuliwa mapema. Wenzangu walikula sehemu ya juu kwa vijiko na kuiacha ya chini kwenye sahani, na hakuna aliyesema neno. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ya kweli, kwa sababu mzee tuliyekuwa tunamuaga alistahili kitu kilichoiva. Tangu siku hiyo nimeioka pai hii mara nyingi, na kila badiliko nililolifanya, nikilitazama sasa, linahusu maji ya tufaha na njia ya kuyaondoa au kuyazuia yasifike mahali yasipotakiwa.

Huku kwetu kando ya ziwa hatulimi matufaha. Asili ya mti huo ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, na aina nyingi zake huhitaji majira ya baridi ili machipukizi yapumzike kabla ya kuchanua. Mwanza haina baridi ya namna hiyo hata mwezi wa Julai. Hapa nchini hustawi kwenye nyanda za juu kama Njombe na Lushoto, na mengine mengi tunayoyaona mjini yametoka Afrika Kusini, kila moja likiwa na kibandiko chake kidogo. Sokoni ukisema tufaha utaeleweka, ingawa wengi wataita epo. Dada ninayenunua kwake pale Makoroboi amekwisha kunizoea, na akiniona tu huanza kupekua boksi la chini: "Mwalimu, leo ya kijani yapo, tena magumu." Ndiyo ninayoyataka. Mengi ya kijani yanayouzwa ni ya aina ya Granny Smith, ambayo mche wake wa kwanza uliota kwenye shamba la bibi mmoja aitwaye Maria Ann Smith karibu na Sydney, Australia, na habari zake zinaanzia mwaka 1868. Ni tufaha chachu, lenye nyama iliyoshikana, na likioka hulainika bila kupoteza umbo la kipande. Mekundu yale yanayong'aa ni matamu kwa kula hivi hivi, lakini mengi yake yakipata moto hugeuka uji. Kwa pai moja mimi hutumia matano ya kijani na mawili mekundu, jumla zaidi kidogo ya kilo 1, kwani mekundu yanaporojeka huwa kama mchuzi mzito unaoyashika yale mengine.

Matufaha yakishamenywa na kutolewa mbegu, ninayakata vipande vyembamba vya nusu sentimita hivi na kuvikamulia ndimu nzima papo hapo. Watu wengi hudhani ndimu ni ya ladha tu. Tufaha likikatwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukutana na hewa na kuigeuza nyama yake kuwa ya kahawia, na asidi ya ndimu hupunguza kasi ya kazi hiyo. Kisha ninaongeza gramu 120 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini uliosagwa, kungumanga ya kukwangua kidogo sana, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ninachanganya, ninafunika bakuli, na ninaliacha kwa saa nzima bila kuligusa.

Saa hiyo moja ndiyo niliyoikosa katika pai ya kwanza. Sukari huyavuta maji kutoka ndani ya vipande kama chumvi inavyoyavuta kutoka kwenye kiazi cha darasani, na ukirudi utakuta vipande vimelegea na chini ya bakuli kuna karibu nusu kikombe cha juisi. Juisi hiyo yote, kama ningejaza matufaha mabichi moja kwa moja, ingetoka ikiwa ndani ya pai na kutua kwenye unga wa chini. Siimwagi, kwa sababu harufu na uchachu vimehamia humo. Ninaimimina kwenye sufuria ndogo kupitia chujio na kuichemsha mpaka ibaki vijiko vinne vya chakula, nzito kama asali nyepesi. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa hiyo usitegemee dakika zilizoandikwa na mtu wa pwani, tazama uzito wa juisi yenyewe. Ikipoa kidogo ninairudisha kwenye matufaha pamoja na vijiko viwili vya unga wa ngano wa kuzuia kimiminika kitakachobaki. Jirani yangu aliwahi kutumia unga wa udaga kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Udaga ni muhogo uliochachushwa, na harufu yake nzuri mezani penye sangara na dagaa haikupatana hata kidogo na mdalasini.

Unga wa chini una shida yake nyingine, ambayo ni joto letu. Siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35, lakini huanza kulegea mapema zaidi, na mchana wa Mwanza mara nyingi hufika nyuzi 28 au zaidi. Ndiyo maana kazi hii ninaifanya alfajiri, kabla bati la jiko halijapata jua. Ninachukua gramu 200 za unga wa ngano, chumvi kidogo na gramu 110 za siagi halisi iliyolala kwenye friji usiku kucha, ninaikatakata kwa kisu ndani ya unga mpaka ibaki vipande vidogo kama choroko, kisha ninanyunyiza vijiko vinne au vitano vya maji ya barafu na kukusanya donge kwa ncha za vidole. Hapa mkono uliozoea chapati lazima ujizuie. Chapati hutaka kukandwa mpaka kinyunya kivutike; kinyunya cha pai kikikandwa hivyo hukaza na kusinyaa kwenye moto. Vile vipande vya siagi visivyochanganyika huyeyuka wakati wa kuoka, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke, na mvuke huo huachanisha tabaka. Donge likilala kwenye friji kwa dakika 30 ninalisukuma kwenye kibao cha chapati, ninalilaza kwenye bati la keki la kipenyo cha sentimita 23, ninalitoboatoboa kwa uma na kulirudisha kwenye ubaridi.

Kisha ninalioka likiwa tupu kwanza, nikiwa nimelitandikia karatasi na kulijazia maharage makavu ili lisiumuke, kwa dakika 15; nikitoa maharage ninalipaka ute mweupe wa yai na kulirudisha motoni kwa dakika tano. Ute huo hugandia kwenye unga na kuwa kama ngozi nyembamba kati yake na matunda. (Maharage hayo hayafai tena kupikwa. Ya kwangu yana mkebe wake, nami huyatumia kila mara kwa kazi hiyo hiyo.)

Sasa kuhusu kifuniko, ambacho kwangu ndicho roho ya pai hii. Kwa muda mrefu sikuwa na jina lake. Nilijaribu kukiita makombo, mke wangu akakataa kwa haki kabisa, kwa kuwa makombo ni mabaki ya chakula cha mtu mwingine na mgeni haandaliwi makombo. Tukakubaliana juu ya chenga, kama chenga za mchele zinazobaki mashineni, kwa sababu umbo lake ni hilo hilo: punje zilizovunjika, nyingine ndogo, nyingine kubwa, hazifanani. Wajerumani, ambao enzi za ukoloni wao ndizo zilizouachia mwamba wetu pale ziwani jina la Bismarck, huziita Streusel, neno linalotokana na kitendo cha kunyunyiza, nao huzimwaga juu ya keki za matunda za kila namna. Ninawashukuru kwa wazo hilo. Pai yenye mfuniko mzima wa unga huziba mvuke ndani isipokuwa kwenye mikato michache, ilhali chenga zina mianya kila mahali, kwa hiyo maji ya matufaha hupanda yakawa mvuke na kutoka zake katika muda wote wa kuoka. Pia hazihitaji siagi baridi, na kwa mtu anayeoka ufukweni mwa ziwa, katika nyumba ambayo umeme huweza kuondoka na ubaridi wa friji ukaondoka nao, hilo si jambo dogo.

Ninachanganya gramu 120 za unga wa ngano, gramu 80 za sukari, nusu kijiko cha chai cha mdalasini na chumvi ya kubana. Sukari yetu ya kawaida, ile ya punje kubwa na rangi ya kahawia hafifu, inafaa sana; ninaitwanga kidogo tu ili isibaki kama changarawe. Ninaongeza vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa, zikamenywa na kupondwapondwa kinuni, kwa kuwa Usukumani karanga hazikosi ndani ya nyumba, na kwa maoni yangu zinapatana na tufaha kuliko lozi ambazo mapishi ya Ulaya huzitaja. Kisha ninamwagia gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa na kupoa, ninakoroga kwa uma, na ninaacha mchanganyiko utulie kwa dakika 15 mpaka unga uinywe siagi yote. Baada ya hapo ninabana donge mkononi na kulivunja, ninabana na kuvunja tena, mpaka nipate punje za ukubwa wa mchele hadi maharage. Ukizisaga zote zikawa laini zitashikana na kuwa sahani moja isiyopitisha mvuke, na faida yake itakuwa imepotea. Ninazimwaga juu ya matufaha bila kukandamiza, nikianzia pembeni, maana katikati hujijaza penyewe.

Kama una oveni, iwashe mpaka nyuzi 200, oka kwa dakika 20, kisha punguza hadi 180 kwa dakika 35 au 40 zaidi. Mimi ninatumia mkaa, na mkaa nimefundishwa na shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alioka mikate na keki za kuuza kule Kirumba kabla ya kurudi Ukerewe. Jumamosi iliyopita alikuja na meli ya asubuhi kutoka Nansio, akiwa na kapu la machungwa na ndimu, akanikuta nimeinama kwenye jiko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona mkaa wote umeuweka chini? Unachemsha makande?"

Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda na kuchukua koleo. Namna yake ni hii. Sufuria kubwa nene hutandikwa mchanga mkavu wa ziwani, uliooshwa na kuanikwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga huwekwa mawe matatu yanayolingana, na juu ya mawe ndipo bati la pai hukaa, ili chini yake pawe na hewa ya moto badala ya chuma cha moto. Sufuria hufunikwa kwa sinia la bati lenye ukingo, na makaa hugawanywa: fungu moja chini, mafungu mawili juu ya sinia. "Moto wa juu ndio unaooka," aliniambia, kama alivyokuwa akiniambia nilipokuwa mtoto, "wa chini unausindikiza tu." Kabla ya kuingiza pai hutupia ndani kipande cha karatasi nyeupe na kufunika. Kikiwa rangi ya chai ya maziwa baada ya dakika tatu, moto umefika. Kikiwa cheusi, huondoa makaa mawili matatu na kungoja. Kikibaki cheupe, hupepea. Huchagua mkaa mzito unaolia kama chungu ukigonganishwa, kwa sababu mwepesi huwaka kwa pupa na kuzimika katikati ya kazi. Sinia hulinyanyua wima, bila kuliinamisha, ili jivu lisimwagikie chenga. Na kazi yote hufanyika barazani, upepo unapopita, kwani mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliojifungia nayo ndani. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kwa jambo hilo huwa sina mzaha.

Pai ilikaa motoni saa moja na dakika kumi, ikiwemo mara moja tulipoongeza makaa juu. Rangi ya chenga pekee haitoshi kukuambia kuwa imeiva, na hapo ndipo nilipopotea mara ya kwanza. Ngoja mpaka uone juisi ikitokota pembezoni na katikati pia, kwa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Mapovu mepesi ya haraka ni ya maji ambayo bado hayajashikwa na unga. Chenga zikiwahi kuwa za kahawia mno, shangazi huondoa nusu ya makaa ya juu na kuyarudisha chini.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kwa wanangu hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Pai ikikatwa ya moto, juisi yake bado ni nyepesi na itatiririka hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa. Wanga wa unga na pektini ya tufaha, ile inayogandisha jemu, hushikana kadiri joto linavyoshuka. Tuliitoa saa tano asubuhi, nikaiweka juu ya waya ili upepo upite chini ya bati, na hatukuigusa mpaka saa tisa alasiri. Binti yangu mdogo alikwenda kuinusa mara nne.

Nilipomkatia shangazi kipande, hakukila kwanza. Alikichukua mkononi, akakigeuza chini juu kama alivyokuwa akigeuza mikate yake Kirumba, akakigonga kwa ukucha. Chini palikuwa na rangi ya biskuti, na paligongeka. "Hii imeiva," alisema, kisha akala chote taratibu kwa chai ya rangi isiyo na sukari, akasema matunda ni machachu vizuri ila chenga nimezitia sukari kupita kiasi. Ninadhani ni kweli, na mara ijayo nitatumia gramu 65.

Jioni aliniomba vipimo. Yeye hana mizani wala hataki, kwa hiyo tulichukua kikombe chake cha bati, tukakijaza unga na kukipima kwenye mizani yangu mara tatu, tukapata gramu 140, na binti yangu mkubwa akaandika kila kitu upya kwa vikombe na vijiko kwenye karatasi ya daftari. Shangazi aliisoma mpaka mwisho, akauliza kama matufaha yakikosekana Nansio anaweza kutumia mapera, ambayo kwake yanaoza chini ya mti kila msimu.

"Unaweza, shangazi, ila utoe mbegu."

"Na pera nalo lina maji," alisema.

Nikamwambia alichuje kwanza kwa saa nzima, naye akamrudishia binti yangu karatasi ili aliandike hilo pembeni.